Kupanga Safari ya Roma kwa Gari la Moshi

Katika meza yangu ya ofisini mna droo moja isiyokuwa na majalada ya Serikali. Ndani yake mna vitu vitatu tu: ramani ya nchi ya Italia, ambayo mikunjo yake imekwisha kuchanika kwa kufunguliwa mara kwa mara, daftari la kurasa mia, na kitabu cha akiba ya benki. Kwa muda wa miaka mitatu, kila saa ya chakula cha mchana, nimekuwa nikivitoa vitu hivyo na kuvirudisha. Wenzangu hudhani ya kuwa nasomea mtihani. Kusema kweli napanga safari, nayo ni kwenda Italia peke yangu, kupanda gari la moshi, na kuyaona kwa macho yangu mabaki ya miji ya Warumi wa kale.

Leo nataka kuwaeleza jinsi nilivyoipanga safari hiyo, kwa kuwa naamini wako wengi miongoni mwetu, wakulima na makarani, walio na tamaa kama yangu ila hawajui pa kuanzia. Tena nataka kueleza jambo lililonipata katikati ya kupanga, ambalo sikulitazamia.

ASILI YA TAMAA YANGU

Nalipokuwa katika shule ya misheni, padre mmoja mzee alikuwa akitufundisha Kilatini baada ya masomo ya jioni. Somo hilo halikuwamo katika mtihani, na kwa hiyo wanafunzi wengi walikimbilia uwanja wa mpira, tukabaki wanne. Padre yule hakutueleza habari za vita na wafalme tu. Alikuwa akichora ubaoni bandari, ghala la nafaka, mfereji wa maji upitao juu ya matao, na barabara iliyonyoka kama uzi. Kisha alituambia ya kuwa mambo hayo yangalipo, na mtu aweza kuyagusa kwa mkono. Maneno mengi ya Kilatini nimeyasahau, lakini ile michoro ya chaki haijafutika.

Mwaka jana, siku ya Jumapili, niliichukua ramani yangu nyumbani nikamwonyesha baba yangu. Baba ni mkulima, naye ni mmoja wa wazee wanaosimamia mfereji wa kijiji chetu, uletao maji kutoka mtoni hata mashambani. Aliitazama ramani kwa muda, akaniuliza, "Miji hii ni ya nani, mwanangu?"

"Ni ya Warumi, Baba. Walikuwa na nguvu sana zamani."

"Nao wako wapi sasa?"

"Walikwisha, Baba. Yamebaki mawe."

"Basi utarudi na nini?"

Sikuwa na jibu. Mke wangu, ambaye alikuwa akitumiminia chai, hakuinua macho, ila alisema kwa upole, "Na tangi je, Baba Watoto?"

Yapasa nieleze habari ya tangi. Nyumba yetu ina paa la mabati, lakini hatuna pa kuyaweka maji ya mvua. Mama yangu, ambaye umri wake umesogea, bado huenda mtoni na mtungi wakati wa kiangazi. Nalikuwa nimeahidi kujenga tangi. Akiba niliyokuwa nayo ilitosha kujenga tangi au kwenda Roma, wala haikutosha kufanya yote mawili. Nilikunja ramani yangu, nikaenda kulala, lakini usingizi haukuja upesi.

KOSA LA ORODHA NDEFU

Mpango wangu wa kwanza ulikuwa na kosa linalowapata wasafiri wengi. Naliandika kila mahali penye jina kubwa: Roma, Pompeii, Verona, Nîmes na Arles katika nchi ya Ufaransa, na hata Bath huko Uingereza. Nilipohesabu saa za kukaa ndani ya treni, niliona kwamba ningekuwa kama mtu anayesoma kichwa cha kila ukurasa bila kusoma habari iliyo chini yake.

Swali la baba likanisaidia. Nilijiuliza, Je, mimi mtoto wa mkulima, tena karani, nataka kujua nini hasa kwa Warumi? Nikaandika jibu katika ukurasa mpya wa daftari: nataka kujua jinsi walivyoulisha mji mkubwa, jinsi walivyounywesha, na jinsi makarani wao walivyoyaweka mambo hayo katika hesabu. Baada ya hapo, kila jina ambalo halikusaidia kulijibu swali hilo nalilifuta. Verona ikaondoka, na Ufaransa ikaondoka, ijapokuwa naliifuta Nîmes kwa huzuni. Ilibaki njia moja fupi: Roma, Ostia, Napoli, Herculaneum na Pompeii. Njia hiyo yatosha siku tisa, na yote yaweza kufanywa kwa treni.

Namshauri kila anayetaka kusafiri afanye hivi kwanza, kabla hajauliza nauli. Achague swali lake, kisha swali litamchagulia miji.

KWA NINI TRENI, NA KWA NINI PEKE YANGU

Nimeliita gari la moshi kwa kufuata mazoea ya wazee wetu, ijapokuwa treni nitakazopanda huenda kwa umeme na wala hazina moshi. Nimeichagua treni kwa sababu ya hesabu. Gari la kukodi hulipiwa zima, hata kama aliyemo ni mtu mmoja. Bali tikiti ya treni ni ya mtu mmoja mmoja, basi msafiri wa peke yake halipii viti vitupu. Tena mwenye kuendesha gari hawezi kusoma ramani wala kutazama nje.

Ama kwenda peke yangu, si kwa kupenda upweke. Ni kwa sababu fedha ni za mtu mmoja. Lakini kusafiri peke yako kuna masharti yake. Hakuna wa kukulindia mzigo uendapo msalani, wala wa kukukumbusha pasipoti. Kwa hiyo nimeamua kuchukua mfuko mmoja tu, ambao naweza kupanda nao ngazi bila kusaidiwa, na kuziacha nakala za hati zangu zote kwa mke wangu, pamoja na majina ya nyumba nitakazolala kila usiku. Ahadi yangu ni kumpigia simu kila jioni. Siku nisipopiga, atajua mahali pa kuanza kuuliza.

HATI NA FEDHA

Raia wa Kenya aendaye Italia lazima apate viza ya nchi za Ulaya zilizo katika mapatano ya Schengen. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasicheleweshwe kupita siku kumi na tano kabla yake. Tangu mwezi wa Juni mwaka 2024 ada yake kwa mtu mzima ni yuro 90, nayo hairudishwi ukikataliwa. Pasipoti iwe imetolewa katika muda wa miaka kumi iliyopita, iwe na uhai wa miezi mitatu zaidi ya siku ya kutoka huko, na kurasa mbili tupu. Hutakiwa pia bima ya safari isiyopungua yuro 30,000 kwa ajili ya ugonjwa, karatasi za benki, ushahidi wa mahali pa kulala, na barua ya mwajiri.

Makarani wenzangu mtanielewa nikisema kwamba sehemu hii haikunitia hofu. Sisi hukaa upande wa pili wa dirisha, na tunajua ni kwa nini maombi ya watu hurudishwa: jina limeandikwa namna mbili, tarehe hazipatani, au karatasi moja imekosekana. Nimeandika orodha, na kila hati nimeiwekea alama yake.

MPANGO WA SIKU KWA SIKU

Nimepanga kufika Jumanne. Kutoka uwanja wa ndege wa Fiumicino ziko treni za namna mbili. Iko ya haraka iendayo moja kwa moja hata stesheni kuu ya Roma Termini kwa muda wa dakika 32. Na iko ya kawaida, yenye nauli ndogo, ambayo haifiki Termini bali husimama Ostiense. Wageni wengi hupanda ile ya kwanza kwa sababu ya jina la stesheni kuu. Mimi nitapanda ya pili, na malazi yangu nitayatafuta karibu na Ostiense. Kutoka hapo ni mwendo mfupi kwa miguu kwenda stesheni ya Piramide, penye treni ya chini ya ardhi, na palepale pana stesheni ndogo ya Porta San Paolo, inakoanzia treni ya Ostia. Msafiri aliye peke yake na alale karibu na reli atakayoitumia asubuhi.

Jumatano nitakwenda Ostia Antica, safari ya kiasi cha nusu saa. Jumatatu mahali hapo hufungwa, nayo ndiyo sababu ya kuzipanga siku zangu hivi. Ostia ilikuwa mji wa bandari penye mlango wa mto Tiber. Nafaka ya kulisha Roma ilitoka mbali, hasa Misri na Afrika ya Kaskazini. Zamani za Kaisari Augusto watu wapatao 200,000 wa mji wa Roma walikuwa wakipewa nafaka ya bure. Fikiri, ndugu msomaji, ni makarani wangapi walihitajiwa kuandika majina hayo!

Huko Ostia nitaona maghala makubwa ambayo sakafu zake ziliinuliwa juu ili hewa ipite chini na nafaka isioze kwa unyevu. Baba aliposikia habari hii alicheka, akaonyesha kwa kidole ghala letu la mahindi lililo juu ya nguzo. Nitaona pia uwanja uliozungukwa na vyumba vidogo vidogo, vilivyokuwa ofisi za wafanya biashara na wenye merikebu. Mbele ya vyumba hivyo, sakafuni, mna picha zilizotengenezwa kwa vijiwe vyeusi na vyeupe, zikionyesha kazi na miji ya wenyewe. Mmoja ni mji wa Sabratha, ulio katika nchi ya Libya ya leo, na alama yake ni ndovu. Kwangu mimi kusimama mbele ya ofisi hiyo kutazidi kuona jumba la mfalme yeyote.

Alhamisi ni siku ya Roma yenyewe. Nitaanza na kilima cha Testaccio, kilicho karibu na malazi yangu. Kilima hiki hakikuumbwa kwa udongo wa kawaida. Ni vigae vitupu, vya mitungi ya mafuta ya zeituni iliyoletwa kutoka nchi ya Hispania na sehemu za Afrika ya Kaskazini, ikavunjwa na kutupwa hapo kwa miaka mingi, hata kikapanda kiasi cha mita 35. Vingi vya vigae hivyo vina maandishi ya wino juu ya uzani wa mafuta na majina ya wenye mali. Kwa maneno mengine, ni kilima cha hati za makarani waliokufa. Kuingia ni kwa kuomba siku mapema.

Kisha nitapanda treni ya chini ya ardhi kutoka Piramide, vituo viwili tu, nishuke Colosseo. Uwanja ule mkubwa wa michezo ulifunguliwa mwaka 80 baada ya Kristo. Nitautazama, lakini sitakaa sana, kwa maana watu na wanyama walichinjwa humo ili wengine wafurahi. Afadhali niingie penye uwanja wa kale wa mji, ulio jirani, kuliona tao la Kaisari Septimius Severus, lililojengwa mwaka 203. Kaisari huyu alizaliwa Afrika, katika mji wa Leptis Magna huko Libya, akautawala ufalme wote wa Roma kuanzia mwaka 193 hata alipofariki mwaka 211. Nataka watoto wangu wajue jambo hilo kutoka kinywani mwangu.

Ijumaa ni siku ya maji. Nitapitia Termini. Jina hilo halina maana ya mwisho wa reli, kama nilivyodhani zamani, bali limetokana na nyumba ya kuogea ya Kaisari Diocletian, ambayo magofu yake yako mbele ya stesheni hata leo. Kutoka hapo treni ya chini ya ardhi itanifikisha karibu na bustani ya mifereji, nje kidogo ya mji. Humo yamesimama matao ya mfereji uitwao Aqua Claudia, ulioanzwa mwaka 38 na kumalizika mwaka 52. Urefu wake ni kiasi cha kilomita 69, na sehemu kubwa ilipita chini ya ardhi. Hapakuwa na mashine ya kuyasukuma maji. Yalishuka yenyewe kwa mteremko mdogo sana tangu milimani hata mjini. Mifereji mikubwa ya Roma ilipata kuwa 11. Mmoja wao, Aqua Virgo wa mwaka 19 kabla ya Kristo, umetengenezwa mara nyingi, na hata leo maji yake hufika katika chemchemi maarufu ya Trevi.

Jumamosi nitakwenda Napoli. Treni za haraka, ambazo hufikia mwendo wa kilomita 300 kwa saa, hutumia kiasi cha saa moja na dakika kumi. Nauli yake hupanda kadiri siku ya safari inavyokaribia, basi yafaa kuinunua mapema kwa intaneti. Treni za kawaida huchukua saa mbili au zaidi, lakini nauli yake ni ndogo na haibadiliki. Mwenye tikiti ya karatasi ya treni ya kawaida lazima aipige chapa katika mashine iliyopo stesheni kabla ya kupanda. Asiyefanya hivyo hutozwa faini, ijapokuwa amelipa nauli yake yote. Treni yetu mpya ya Mombasa na Nairobi, iliyoanza mwaka 2017, ina safari chache kwa siku, na mtu akiachwa huhangaika. Kati ya Roma na Napoli treni ni nyingi tangu asubuhi hata usiku.

Alasiri ya siku hiyo nitaiingia nyumba ya makumbusho ya Napoli, ambayo hufungwa Jumanne. Humo mmehifadhiwa vitu vilivyofukuliwa Pompeii, pamoja na mkate uliogeuka makaa.

Jumapili na Jumatatu ni za miji miwili iliyofunikwa na mlima wa moto Vesuvius mwaka 79 baada ya Kristo. Zote mbili ziko juu ya reli moja ndogo itokayo Napoli kwenda Sorrento. Treni hizo hujaa sana, na mwenye kutaka kiti aende kupanda Porta Nolana inakoanzia, na mkono wake usitoke juu ya mfuko wake. Katika nchi hiyohiyo, chini ya mlima huo, ndipo ilipofunguliwa reli ya kwanza ya Italia mwaka 1839, kutoka Napoli hata Portici. Mlima wenyewe ulilipuka mara ya mwisho mwaka 1944.

Nitaanza na Herculaneum kwa kuwa ni ndogo. Huko hata mbao za milango na dari zilibaki. Katika vyumba vya mashua vilivyokuwa ufukweni wachimbaji walikuta mifupa ya watu wapatao 300, waliokimbilia pwani wakingojea kuokolewa. Kisha Pompeii, ambako tikiti huandikwa jina la mwenyewe, na tangu mwezi wa Novemba mwaka 2024 hawaingii zaidi ya watu 20,000 kwa siku. Huko nitazitafuta nyumba za waoka mikate. Katika tanuri moja ilikutwa mikate 81, iliyoachwa siku ya maafa. Mawe ya kusagia yangali yamesimama uani.

Lakini mwaka 2023 wachimbaji walitangaza habari ya nyumba nyingine ya mikate, yenye chumba kilichofungwa, na madirisha madogo yenye vyuma, ambamo watumwa na punda walifungiwa pamoja kusaga ngano. Nimeiandika habari hiyo kwa wino mwekundu. Mtu aendaye kuyastaajabia mawe ya Warumi asisahau ni mikono ya nani iliyoyabeba.

Jumanne nitarudi Roma, na Jumatano nitarudi nyumbani. Sitaiacha safari ya treni iangukie siku ya ndege. Katika Italia migomo ya treni hutokea mara kwa mara. Hutangazwa mapema, na siku za kazi treni fulani huhakikishwa saa za asubuhi na jioni, lakini mgeni aliye peke yake asiyategemee hayo.

JAMBO NILILOJIFUNZA KABLA YA KUONDOKA

Mpango ulipokamilika, nilitaka kujua zaidi juu ya maji ya Roma, nikasoma habari za mtu mmoja aitwaye Frontinus. Mwaka 97 alipewa usimamizi wa maji ya mji wote. Hakuwa mtu wa kukaa kitini tu. Alilinganisha vitabu vya hesabu na maji yenyewe, akakuta havipatani. Maji yaliyoingia yalikuwa mengi kuliko yaliyoandikwa, na mengi yaliibwa njiani na watu waliotoboa mabomba kwa siri, pamoja na watumishi wa maji wenyewe. Aliandika kitabu juu ya kazi hiyo, na ndani yake aliiona mifereji yenye kuwafaa watu kuwa bora kuliko piramidi zisizo na kazi.

Nilisoma habari hiyo ofisini, saa ya mchana, nikaona aibu. Nalikuwa nimejaza kurasa arobaini juu ya maji ya watu waliokufa karne nyingi zilizopita, nami mama yangu alikuwa mtoni na mtungi saa ile ile. Ikiwa nimesoma kweli habari za Warumi, jambo la kwanza nililopaswa kulifahamu ni kwamba maji hutangulia. Siku ya mwisho wa mwezi nilikwenda benki. Tangi limejengwa, la lita 10,000, na mvua za vuli zilipokuja lilijaa hata likafurika.

Sikuifuta safari. Nimeisogeza mbele kwa miaka miwili, na akiba nimeianza tena kwa fungu dogo kila mwezi. Nauli na ada nitaziuliza upya wakati ukifika, kwa kuwa mambo hayo hubadilika, lakini swali langu na njia yangu havitabadilika.

Jioni moja baada ya mvua nilikuwa nimekaa na baba karibu na tangi. Nilimweleza habari za wezi wa maji wa Roma, akafurahi sana kuona ya kuwa si wa kijiji chetu tu. Maana kila kiangazi wazee huamua magomvi ya mfereji. Wa juu huyazuia maji, na wa chini huona mahindi yake yakinyauka. Nilimweleza tena kwamba huko Pompeii, karibu na lango la Vesuvius, mahali pa juu kuliko pote mjini, pana jengo la matofali ambamo maji ya mfereji yaliingia na kugawanywa katika njia tatu.

Baba alinyamaza kidogo. "Kila njia ilikuwa na upana gani?" akauliza.

"Vipimo sinavyo hapa, Baba. Ni jambo la kwenda kulitazama."

"Basi nenda ukalitazame vizuri, unichoree jinsi lilivyo, nami niwaonyeshe wazee wenzangu. Hilo ndilo utakalorudi nalo."

Mke wangu alikuwa akiteka maji tangini kwa ndoo. Alisema, "Na umwonyeshe na mtoto ile picha ya ndovu."

Basi, ndugu wasomaji, ramani ingali katika droo, na katika daftari nimeongeza ukurasa mmoja wenye maagizo ya baba. Ninyi mlio na tamaa ya kuona nchi za mbali, msiione haya tamaa hiyo, wala msiifiche. Iwekeni katika maandishi, ipeni swali moja, na iacheni ipimwe na watu wa nyumbani.